Mtu wa Kujitolea Huzuia Kwanza, Kisha Huokoa

Tarehe 29 Juni 2013, lori la mafuta lilipata ajali Namungoona, jijini Kampala. Watu walikimbilia kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, wakiwemo waendesha bodaboda wengi. Jirani zetu nao wamelia kilio hicho: Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, walifariki zaidi ya watu 200, Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, walifariki takriban watu 100.

Katika misiba hiyo yote palikuwa na muda kati ya ajali na mlipuko. Muda huo ndio somo letu la leo. Gari la zimamoto, hata likiwa tayari, lina safari ya kufanya. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo ya karibu ni jirani aliyefunzwa.

Wengi wanaojitolea hudhani kazi yao ya kwanza ni kumvuta majeruhi. Sisi tunafundisha kwamba kazi ya kwanza ni kuzuia, maana mwokoaji anayeungua huongeza idadi ya wahanga. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujaa mitaroni, na cheche moja ya pikipiki yatosha kuuwasha ukiwa mbali na lori.

Kwa hiyo, fuateni mpangilio huu:

1. Pigeni 999 au 112. Tajeni mahali, aina ya gari na idadi ya majeruhi.
2. Simameni upande upepo unakotoka, mahali palipoinuka.
3. Zuieni magari pande zote mbili. Injini zizimwe, sigara na majiko yazimwe.
4. Waondoeni watu hadi mita 300 au zaidi. Mwenye dumu mwiteni kwa jina lake. Humsikiliza amjuaye kuliko king'ora.
5. Majeruhi akishakuwa mahali salama, bandikeni kitambaa safi juu ya jeraha linalovuja damu na kukandamiza kwa nguvu. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe samli wala dawa ya meno.

Hatua ya nne ndiyo ngumu kuliko zote. Anayechota si mwizi machoni pake. Ni mzazi anayeona karo ya mwanawe ikimwagika barabarani. Hatumzuii kwa matusi wala kwa fimbo. Twamwambia wazi kwamba dumu moja la petroli halilingani na maisha yake, na twamwambia mapema, katika mikutano ya kijiji, kabla lori halijaanguka.

Anayetaka kujitolea na ajiandikishe kwa mwenyekiti wa LC1, kisha aonane na afisa wa polisi jamii katika kituo cha karibu. Zimamoto ni idara ya polisi yetu, na Msalaba Mwekundu wa Uganda hufundisha huduma ya kwanza. Mafunzo yasiyorudiwa husahaulika. Kwa hiyo kila kikundi kifanye zoezi mara kwa mara.

Maswali ya kujadili kijijini: Nani atapiga simu? Nani atafunga barabara kila upande? Upepo wetu huvuma kutoka wapi? Kijiji kisichoweza kuyajibu leo hakitapata nafasi ya kuyatafakari siku ya ajali.