Alama Moja, Maana Mbili: Uandishi wa Aljebra katika Kompyuta

Mwanafunzi aandikapo x = 5 ubaoni, darasa hutambua mara moja kama hilo ni jibu la mlinganyo au ni agizo kwamba x ichukuliwe kuwa 5. Muktadha huwaongoza. Programu ya aljebra huongozwa na kanuni za uandishi zilizowekwa na watungaji wake. Hivyo kila maana hupewa alama yake.

Katika Fortran, lugha iliyotolewa mwaka 1957 kwa hesabu za namba, alama ya = huwa agizo. Amri x = x + 1 ni halali: thamani ya x iongezwe 1. Usemi huohuo ukisomwa kama mlinganyo hauna jibu. Lakini katika programu za aljebra, mlinganyo wenyewe ni kitu cha kuhifadhiwa, kugeuzwa na kutafutiwa jibu. Kwa sababu hiyo, agizo na mlinganyo havina budi kutenganishwa.

Maple, iliyoanza kutungwa mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, huandika agizo x := 5, na kuiacha alama ya = kwa mlinganyo, kama vitabuni. Mathematica, iliyotolewa mwaka 1988, huandika agizo x = 5 na mlinganyo x == 5. Chaguo la kwanza hulinda desturi ya hisabati; la pili hufupisha agizo. Anayedhani kwamba ameandika mlinganyo x = 5 katika Mathematica ataona kila x inayofuata ikisomwa kuwa 5, hadi thamani hiyo ifutwe.

Mabano nayo yana maana mbili: a(b + c) ni kuzidisha, ilhali f(x) ni fanksheni. Katika maandishi ya mstari mmoja, Maple hudai nyota, a*(b + c), ili mabano yabaki kwa fanksheni. Mathematica huruhusu kuzidisha bila nyota, lakini fanksheni huipa mabano ya mraba: f[x]. Humo, f(x + 1) ni f mara (x + 1). Kompyuta haikatai, hutoa jibu sahihi la swali ambalo halikuulizwa.

Zoezi: Eleza maana mbili za k(m + 2). Kisha andika kila maana kwa kanuni za Maple, na tena kwa kanuni za Mathematica.