Kipande cha Leso, Kadi ya Wazazi: Jinsi ya Kutengeneza Kadi ya Kumbukumbu ya Ndoa

Katika maduka ya leso ya Malindi, mteja husoma jina kwanza, bei baadaye. Jina ni yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwetu pwani leso ni barua: humsifu mtu, humshukuru, na pengine humfikishia ujumbe asiyeambilika kwa mdomo. Basi wazazi wako wakitimiza miaka ya ndoa, watengenezee kadi iliyopambwa kwa leso. Jioni moja yatosha.

Hakikisha tarehe. Wazee wengi wa Kiislamu huikumbuka harusi yao kwa mwezi wa Kiislamu, kama Mfungo Mosi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo siku hiyo husogea kila mwaka. Waulize wao huihesabu vipi, au tazama cheti cha ndoa.

Vifaa. Karatasi moja ya manila ya ukubwa wa A4, kipande cha leso, gundi nyeupe, rula, penseli, mkasi, kalamu ya wino usiochuja, na uzi wa katani. Katani ni nyuzi za mkonge, ule ule uliopandwa mashambani Vipingo.

Usiende kuokota makombe ufuoni ili kupambia. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, za kwanza nchini Kenya, na kuchukua makombe humo ni marufuku. Kombe tupu pia lina mwenyewe: kuna kaa wanaohamia humo.

Kuchagua leso. Iliyo bora ni leso kuukuu ya mama mwenyewe, iliyochakaa kwa kubebea watoto. Omba ruhusa kabla ya kutia mkasi, kwani kuna leso ambazo mama hawezi kuachana nazo. Soma jina: leso ya kumpiga mtu kijembe haifai kadi ya ndoa. Na ikiwa ni mpya, ifue mpaka maji yatoke meupe. Kadi yangu ya kwanza niliikatia leso nyekundu ya dukani bila kuifua. Gundi ilipogusa kitambaa, rangi ilichuja, na manila yote ikawa na madoa ya waridi.

Hatua.

1. Piga leso pasi ikiwa kavu kabisa.
2. Kunja manila katikati. Pitisha rula juu ya mkunjo ili ukae sawa.
3. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 15 chenye pindo na jina. Jina likiwa refu, likate peke yake ulibandike chini ya pambo.
4. Paka gundi nyembamba kwenye karatasi, si kwenye kitambaa. Laza leso kuanzia katikati, ukisukuma hewa nje kwa kiganja.
5. Funika kwa karatasi safi, weka vitabu vizito juu, uache mpaka asubuhi. Hewa ya pwani ina unyevu. Usipoigandamiza, kadi itajikunja.
6. Funga uzi wa katani kwenye mkunjo, fundo libaki nje.

Maneno ya ndani. Hapa ndipo penye kadi yenyewe. Taja jambo moja uliloliona kwa macho yako nyumbani kwenu, kisha shukuru, kisha omba dua. Ukiweza, litie katika ubeti wa shairi: mishororo minne, kila mmoja mizani 16, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho vilingane. Hesabu mizani kwa vidole. Mtoto wa mvuvi aweza kuandika hivi:

*Arubaini salama, nyinyi wawili nyumbani,*
*Baba huvua kwa hima, mama humngoja pwani,*
*Mulitufunza huruma, na subira ya moyoni,*
*Mola awape uzima, mzeeke kwa amani.*

Mshororo wa pili ndio unaoifanya kadi hii iwe ya nyumba moja tu. Wako utakuwa mwingine: baba anayemmenyea mama machungwa, au mama asiyelala mpaka asikie mlango. Andika kwanza kwa penseli, usome kwa sauti, ndipo upitishe wino. Kama macho yao yamepungua nguvu, andika herufi kubwa, na siku ya kuitoa uwasomee wewe.

Mwisho, geuza kadi. Nyuma andika tarehe, jina lako, na leso ilitoka wapi: ilinunuliwa lini, ilimbeba nani. Mjukuu atakayeikuta sandukuni atajua kwamba kitambaa anachokigusa ndicho kilichombeba mama yake.