Somo la 12: Fomu Moja, Nchi Mbili

Mtoto anahitaji chakula, nguo, dawa na madaftari ya shule. Kumtunza ni wajibu wa baba na mama. Mzazi mmoja akihamia nchi nyingine, wajibu wake hauishi. Lakini mahakama ya nchi moja haiwezi kumwamuru mwajiri wa nchi nyingine akate mshahara. Je, mama aliyebaki na mtoto afanye nini?

Tarehe 23 Novemba 2007, mkataba kuhusu matunzo ya watoto ulikubaliwa The Hague, Uholanzi. Ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2013, kwanza kati ya Norwe na Albania. Marekani ilianza kuutumia tarehe 1 Januari 2017. Kila nchi iliyojiunga ina ofisi ya kupokea na kupeleka maombi. Ofisi hiyo huitwa Mamlaka Kuu.

Tuchukue mfano. Mama na mtoto wanaishi Ujerumani. Mahakama ya huko imeamuru baba alipe matunzo kila mwezi. Baba amehamia Marekani na halipi. Mama hana haja ya kusafiri. Ombi lake hufika kwenye Mamlaka Kuu mjini Bonn. Huko hukaguliwa, kisha hupelekwa Marekani pamoja na nakala ya hukumu, hesabu ya deni na tafsiri.

Karani wa Marekani huenda hajui Kijerumani. Lakini fomu ya kupelekea ombi ni moja kwa nchi zote. Maswali ni yale yale, na yamepangwa vile vile. Karani anajua jina la ukoo liko wapi, na tarehe ya kuzaliwa iko wapi.

Tazama tarehe hii: 4/7. Mjerumani huisoma siku ya 4, mwezi wa 7. Mmarekani huisoma mwezi wa 4, siku ya 7. Kosa dogo kama hilo laweza kufanya baba asipatikane, na mtoto akakosa haki yake. Kwa hiyo fomu inaeleza: siku kwanza, halafu mwezi, halafu mwaka.

Ofisi inayopokea ombi lazima ijibu kwa fomu yake katika muda wa wiki 6. Ndani ya miezi 3 baada ya kujibu, ieleze ombi limefikia wapi. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 21, msaada wa sheria kwa kawaida hutolewa bure. Tena, kama mama anahofia kudhuriwa, fomu ina mahali pa kuonya kwamba habari zake zisitolewe.

Mkataba huu unafanya kazi kati ya nchi zilizojiunga tu. Kwa hiyo uliza kwanza. Pia fomu peke yake haileti fedha. Baba lazima apatikane, na awe na kipato au mali.

Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mzazi au mlezi kuomba amri ya matunzo mahakamani. Afisa ustawi wa jamii aweza kukuelekeza. Mzazi mwenzako awe karibu au mbali, tunza karatasi hizi:

1. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto.
2. Nakala ya amri ya mahakama.
3. Daftari la malipo: tarehe, kiasi kilicholipwa na kiasi kinachodaiwa.
4. Jina kamili la mzazi mwenzako, tarehe yake ya kuzaliwa, na mahali anapofanya kazi.

Ndugu mwanakisomo, usitie kidole gumba kwenye fomu usiyoielewa. Isome. Neno likikushinda, uliza.

MANENO MAPYA
Matunzo: fedha au mahitaji ya kumlea mtoto.
Mkataba: mapatano yaliyotiwa saini.
Nakala: karatasi iliyotolewa kutoka kwenye karatasi ya asili.

MASWALI
1. Kwa nini fomu ya nchi zote iwe na mpangilio mmoja?
2. Ofisi inayopokea ombi ina wiki ngapi za kujibu?
3. Andika tarehe yako ya kuzaliwa: siku, mwezi, mwaka.
4. Jadilianeni: katika kijiji chetu, karatasi za mtoto zitunzwe wapi zisiliwe na mchwa wala kulowa mvua?