Wasomaji wa Namugongo

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, hebu niwaulize: mkiambiwa leo kwamba kushika kitabu ni kosa la kufa, mtakishika? Mimi sina jibu la haraka. Wenzangu darasani huniita "pasta" kwa ajili ya Agano Jipya dogo nililo nalo begini, na kwa kuogopa neno hilo tu, mara nyingine hulificha chini ya atlasi. Ndiyo maana habari za mashahidi wa Uganda zilinichoma nilipozisoma.

Katika Buganda ya wakati ule Wakristo waliitwa wasomaji. Wamishonari wa Kianglikana walifika mwaka wa 1877, wale wa Kikatoliki 1879. Mwanzoni, kabla Injili haijapigwa chapa kwa Kiganda, Alexander Mackay aliwafundisha watu kwa vitabu vya Kiswahili vilivyotoka pwani. Naam, lugha yetu hii hii! Vijana waliomtumikia mfalme wakayapenda mafunzo hayo ajabu, hata hatari ilipozidi wakawa wanajifunza usiku kwa siri.

Kabaka Mutesa alifariki mwaka wa 1884, na mwanawe Mwanga akatawazwa akiwa na miaka 16 hivi, yaani rika langu. Alikuwa na hofu. Wazungu walikuwa wanainyakua pwani, na hapa nyumbani kwake vijana walikuwa na mfalme mwingine mbinguni. Tena walimkatalia matendo machafu aliyoyataka kwao. Januari 1885 wasomaji watatu wa Kianglikana wakauawa. Oktoba, Askofu James Hannington, aliyepitia Mumias hapa kwetu Kenya, akauawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Joseph Mukasa alimkemea Kabaka kwa jambo hilo, na Novemba naye akauawa.

Mei 1886, Mwanga alirudi kutoka mawindoni Munyonyo akiwa na hasira. Akagundua kwamba kijana Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha mwenzake dini. Akamchoma mkuki. Usiku ule malango yakafungwa. Kila mtu alijua kesho kuna nini, lakini Charles Lwanga, kiongozi wa vijana wale, akawabatiza waliokuwa hawajabatizwa, akiwemo Kizito wa miaka 14. Fikiria mtu anaomba ubatizo usiku kama huo! Asubuhi Kabaka akaamuru wanaosali wasimame kando. Lwanga akatangulia, wengine wakamfuata.

Walifungwa kamba, wakatembezwa hadi Namugongo, wakakaa huko karibu juma zima kuni zikikusanywa. Hapa ndipo mimi ningeshindwa. Kufa ghafla ni jambo moja, lakini siku saba za kusikia kuni zikikatwa, wewe umefungwa na unajua ni zako, si mchezo. Tarehe 3 Juni Wakatoliki na Waanglikana wakaviringishwa katika matete, wakachomwa pamoja. Lwanga alichomwa peke yake, kwa moto wa polepole. Wachache waliachwa hai dakika ya mwisho, mmoja wao Denis Kamyuka, na ndio waliotusimulia.

Kuna watu husema ati wale walikuwa watoto tu, walifuata mkumbo. La hasha! Mtazameni Mbaga Tuzinde. Alilelewa na Mukajanga, yule yule mkuu wa wauaji wa mfalme. Mzee alimsihi aseme tu kwamba ameacha kusali, au akubali kufichwa. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na aliyeushika ni baba yake. Mbaga akakataa. Basi Mukajanga akaagiza apigwe rungu shingoni kwanza, ili moto umkute amekwisha kufa.

Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu mwaka wa 1964, na Waanglikana huwakumbuka 23 wa kwao. Mwanga naye baadaye alipinduliwa, akapelekwa na Waingereza visiwa vya Shelisheli. Huko uhamishoni akabatizwa, akaitwa Danieli, akafa msomaji mwaka wa 1903.