Sema jambo lako waziwazi, kazini na nyumbani

Hapa Likasi tunajua kusalimiana. Shida huanza salamu zinapokwisha na neno lenyewe likagoma kutoka. Fundi wa karakana anataka ruhusa ya siku mbili. Anaanza na habari za barabara, anapitia mvua, anamtaja mama yake aliyelazwa Kambove, kisha anaaga. Shefu anadhani amepewa habari tu. Kesho yake fundi haonekani kazini, na barua inaandikwa.

Basi uanzeje? Msalimie mtu vizuri, hasa akiwa mkubwa wako, kisha mpe mambo matatu kwa pamoja: kuna nini, unaomba nini, mpaka lini. “Jambo papa. Mama yangu amelazwa Kambove. Naomba ruhusa ya kesho na kesho kutwa. Siku ya tatu asubuhi nitakuwa kazini.” Imetosha. Akitaka habari za mvua ataziuliza.

Wengi huogopa kwamba kusema hivyo ni kukosa adabu. Mimi naona adabu iko kwenye sauti, saa na mahali. Usimkosoe shefu mbele ya vijana wake, wala usimshike wakati zamu zinabadilishana na kila mtu anakimbilia gari. Muulize lini ana nafasi. Ukishakaa naye, sema ulichokuja kusema.

Useme kwa lugha gani? Mji huu, ulioitwa Jadotville mpaka 1966, ulikua pamoja na kampuni ya madini ya Union Minière, na wafanyakazi waliletwa kutoka pande nyingi, Kasai ikiwamo. Kiswahili kikawa lugha ya kazi, lakini karatasi zikabaki za Kifaransa. Siku hizi mkubwa wako anaweza kuwa Mchina, na katikati yenu yuko mkalimani. Hapo sema sentensi fupi, mtazame mkubwa mwenyewe, na umwombe mkalimani akurudishie kile mkubwa alichoelewa. Kwenye mashine usiridhike na “ndiyo”. Ukimwambia mwenzako azime umeme kabla hujaingiza mkono, muulize: “Utazima swichi gani?” Akuonyeshe kwa kidole.

Sasa tuje kwenye karatasi inayowatisha watu kuliko zote: barua ya kuombwa maelezo, ile ya *demande d'explication*. Kuipokea si kufukuzwa. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mwenendo au uwezo wake lazima kwanza ampe nafasi ya kujitetea. Barua hiyo mara nyingi ndiyo nafasi yenyewe. Kwa hiyo ijibu. Ukinyamaza, faili linabaki na maneno ya upande mmoja.

Soma kwanza wanakuuliza nini hasa, na muda wa kujibu ni upi. Kama Kifaransa kinakusumbua, mtafute delege wa wafanyakazi au ndugu anayekijua, akutafsirie neno kwa neno kabla hujaandika chochote. Kisha jibu lile uliloulizwa, ukianza na lililotokea: “Tarehe 4 nilichelewa dakika 40. Gari nililopanda Kikula liliharibika njiani. Nilimpigia kiongozi wa zamu kabla kazi haijaanza. Niko tayari kufidia muda huo jioni.” Usiongeze kwamba shefu anakuchukia tangu mwaka jana. Hata kama ni kweli, halijaulizwa. Na kama kosa ni lako, likubali kwa sentensi moja na useme utafanya nini.

Toa nakala mbili za jibu lako. Moja inabaki ofisini. Ya pili ipigwe muhuri au isainiwe pamoja na tarehe ya kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Gharama yake ni karatasi na fotokopi, na siku ya ugomvi itakufaa kuliko mashahidi watatu wa mdomo.

Mkishindwa kuelewana je? Anza kwa delege. Kisha nenda kwa mkaguzi wa kazi wa eneo lako, kwa sababu sheria hiyohiyo haikubali kesi ya mfanyakazi mmoja ifike mahakama ya kazi kabla mkaguzi hajajaribu kuwapatanisha. Beba mkataba, karatasi za mshahara na zile nakala zenye muhuri. Ukiombwa pesa, uliza kwa upole ni za nini, na uombe risiti.

Na ukitaka kuacha kazi, usipotee tu. Mwajiri anayekuachisha, mkataba wako ukiwa hauna mwisho uliopangwa, anatakiwa akupe taarifa ya siku za kazi zisizopungua 14, na 7 zaidi kwa kila mwaka mzima uliotumika. Wewe unampa nusu ya hizo. Aliyetumika miaka minne angepewa 42, basi yeye atoe 21. Andika barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

Nyumbani hakuna muhuri, lakini mambo matatu ni yaleyale: kuna nini, unaomba nini, mpaka lini. Kutuma shangazi au mjomba ni desturi nzuri kwenye mambo ya mahari. Kwa ugomvi wa mume na mke, jaribuni kwanza wenyewe, watoto wakiwa wamelala. “Hunijali” ni neno zito ambalo mwenzako hajui alifanyie nini. “Ukichelewa kurudi nipigie simu” analiweza. Lakini kama unapigwa ukisema, tatizo si namna unavyosema: ondoka uende kwa watu watakaokulinda, na upeleke shauri polisi.

Deni la ndugu ndilo huharibu undugu wa wengi. Sauti ya WhatsApp ya dakika tano yenye lawama huishia kusikilizwa na ukoo mzima. Mfuate mwenyewe, au mwandikie ujumbe mfupi: “Yaya, jambo. Zile falanga elfu hamsini za mwezi uliopita nazihitaji kwa masomo ya mtoto. Naomba unipe zote siku ya posho. Kama haziwezekani zote, niambie leo utaanza na ngapi.”