JOTO LA BAHARI NA SAFARI YA NZIGE

Mwishoni mwa Desemba 2019 makundi makubwa ya nzige wa jangwani yaliingia Kenya kwa upande wa Mandera. Uvamizi wa namna ile haukuwa umeonekana nchini kwa muda wa miaka 70. Watu wengi waliuliza, "Wametoka wapi?" Jibu lake laanzia baharini.

Yafaa kwanza tujue maisha ya mdudu huyu. Nzige jike hutaga mayai ndani ya mchanga wenye unyevu. Udongo ukiwa mkavu, mayai hayapati kuanguliwa. Ukiwa na maji na joto, hutoka tunutu, yaani wadogo wasio na mabawa, baada ya majuma mawili hivi. Yapata mwezi mmoja baadaye huweza kuruka. Mvua ikizidi kunyesha na majani yakiwa tele, idadi yao yaweza kuongezeka mara 20 katika miezi mitatu.

Basi, mwaka 2018 tufani mbili, Mekunu mwezi wa Mei na Luban mwezi wa Oktoba, zilileta mvua nyingi katika jangwa la Rub' al Khali huko Arabuni. Mchanga ulilowa, majani yakaota, na nzige wakazaliana mahali pasipo mtu wa kuwaona. Wakavuka Yemen, wakafika Somalia na Ethiopia, ambako mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 ziliwapa malisho mapya.

Nzige walikuwako tangu kale, wala si haki kusema kwamba wote wameletwa na mabadiliko ya tabia ya nchi. Lakini Bahari ya Hindi inazidi kupata joto, na joto la bahari ndilo chakula cha tufani. Jangwa likilowa mara kwa mara, nzige nao watapata nafasi mara kwa mara.

Kundi lililoenea kilometa moja ya mraba laweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Kwa hiyo mfugaji au mkulima aonaye tunutu asingoje waote mabawa; ampashe habari chifu au Bwana Shamba siku ile ile. Wala mtu asile nzige walionyunyiziwa dawa. Tunutu hutembea ardhini na aweza kuzuiwa. Akisharuka, upepo ndio bwana wake.