Mzigo na Furushi: Kutembea na Familia Inayotoka Kwenye Uraibu

Andiko la msingi: Wagalatia 6:1–5
Soma pia: Mathayo 4:21, Luka 11:24–26



Jumapili tulifungua mistari mitano ya kwanza ya Wagalatia sura ya 6, na muda ukatuishia kabla hatujamaliza. Baada ya ibada watu kama wanne hivi walinishika pale mlangoni na swali moja: "Mwalimu, mstari wa pili unatuambia tubebeane, na mstari wa tano unasema kila mtu abebe chake. Sasa tushike upi?" Swali zuri. Na kwa nyumba ambayo ina mtu anayejaribu kuacha pombe, miraa, bangi ama unga, hilo si swali la darasani. Ni swali la kila siku: nimpe hizi pesa au nisimpe? Nimfungulie mlango usiku au nisimfungulie? Hebu tulimalize leo.

1. Maneno ni mawili

Angalia vizuri Biblia yako ya Union. Mstari wa pili unasema "mizigo". Mstari wa tano unasema "furushi". Watafsiri hawakukosea, kwa maana Paulo mwenyewe alitumia maneno mawili ya Kigiriki. La kwanza, *baros*, ni uzito unaomlemea mtu. La pili, *phortion*, ni kile anachobeba msafiri mwenyewe, saizi yake.

Sisi wa barabara hii ya Garissa kwenda Lamu hatuhitaji kufundishwa sana hapo. Gari likizama kwenye matope msimu wa mvua, abiria wote hushuka kusukuma. Hakuna anayeuliza gari ni la nani. Lakini likishatoka, kila mmoja anachukua begi lake na kurudi kwenye kiti chake. Kusukuma gari ni mzigo. Begi ni furushi.

Somo lote la leo ni hili: familia inayotoka kwenye uraibu ina mizigo ambayo haiwezi kuibeba peke yake, na ndani ya familia hiyo yupo mtu mwenye furushi ambalo hakuna awezaye kumbebea. Tukibeba furushi lake, tunamchelewesha kupona. Tukiwaachia mke na watoto mzigo wote, watavunjika kabla yeye hajapona.

2. Jambo liko mlangoni kwetu

Mwaka 2022 NACADA ilifanya utafiti nchi nzima ikakuta kwamba mtu mmoja kati ya sita, wenye miaka 15 hadi 65, alikuwa anatumia angalau kileo kimoja au dawa ya kulevya. Waliokuwa wanatumia miraa peke yake walizidi 960,000. Na kila mmoja wa hao ana mama, au mke, au mtoto anayemsubiri jioni.

Hapa kwetu miraa haichelewi. Nguvu yake hupungua upesi baada ya kuvunwa, ndiyo maana magari yake yanakimbia vile. Mnakumbuka pia Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka. Mahakama ikasimamisha amri hizo, na serikali ya kitaifa ikasema ni zao halali. Siingii kwenye siasa yake. Nasema tu kwamba tukingoja sheria itufanyie kazi ya ushirika, tutangoja sana.

Tena tusijidanganye kwamba ni shida ya watu wa dini fulani. Sisi hapa ni wachache, na majirani zetu wengi ni Waislamu. Mama wa jirani anamlilia mwanawe kama vile mama wa kwetu anavyolia. Tunayojifunza leo yatutume kwake pia, kwa heshima, bila kumfanya adhani msaada ni chambo cha kumtoa kwenye dini yake.

3. Kurejeza ni kama kushona nyavu

Kabla Paulo hajafika kwenye mizigo, anaanza na upole. Mtu akinaswa, walio wa Roho wamrejeze taratibu, huku wakijiangalia wenyewe. Neno alilotumia la kurejeza ndilo lile lile la Mathayo 4:21, pale Yakobo na Yohana walipokuwa wakitengeneza nyavu zao.

Wavuvi wa Tana wanajua kazi hiyo. Wavu uliochanika hautupwi, wala haushonwi kwa kuupigia kelele. Unaukalisha mapajani, unatafuta tundu, unafunga fundo moja, kisha lingine. Na kesho mamba akiupasua tena, unaanza tena.

Kwa hiyo ndani ya kanisa hili neno "teja" lisisikike. Wala mtu asitajwe kwenye maombi ya hadhara kabla hajakubali. Siri iliyosemwa Jumatano ikifika kisimani Alhamisi, familia hiyo haitarudi tena kutuomba chochote.

4. Lipi mzigo, lipi furushi?

Kuna mama wa ushirika wetu aliyeniruhusu nieleze habari yake bila jina. Anauza chai na mahamri. Kila mwisho wa wiki mwenye kibanda cha miraa alikuwa anamfuata kwa deni la mwanawe, na kwa kuogopa aibu, mama analipa. Alipokuja kwa wazee deni lilikuwa limefika shilingi 4,200, na binti yake mdogo alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa pesa ya chakula cha mchana shuleni.

Mzee mmoja akasema tuchange, tulilipe lile deni, mama apumue. Nia njema kabisa. Mzee mwingine akauliza: "Tukililipa leo, Jumatatu ataandikwa nani?" Pakawa kimya.

Tulivyokubaliana ni hivi. Chakula cha binti, kanisa lilipe muhula mzima, moja kwa moja shuleni. Huo ni mzigo. Kina mama wawili wamsindikize mwenzao hadi kibandani, wakiwa na yule kijana, aseme kwamba kuanzia siku hiyo hatalipa tena. Huo nao ni mzigo, kwa sababu peke yake asingeweza kufungua mdomo. Deni lenyewe libaki la kijana. Hilo ni furushi.

Kijana alikasirika. Wiki mbili hakuongea na mamake. Kisha akaanza kupakua bidhaa kwenye malori, akawa anapeleka mia, mia mbili. Tangu hapo amerudi maskani mara mbili tunazojua, na deni limebaki kama nusu. Sisemi amepona. Nasema binti hajakosa shule, na mama anapata usingizi.

Basi tujipime hivi:

*Mizigo ya kubebeana:* unga wa ugali na mafuta, tukipeleka chakula chenyewe badala ya pesa mkononi. Ada ya watoto. Nauli na mtu wa kumsindikiza mgonjwa hospitalini. Kukaa naye zile saa za jioni ambazo kiu hupanda. Kazi halali ya mikono. Kumsikiliza mke bila kumhubiria.

*Furushi la mwenyewe:* kukubali kwamba ana shida. Kulipa madeni yake. Kuomba msamaha aliowaumiza. Kuacha maskani na namba za simu za wauzaji. Kwenda kliniki siku aliyopangiwa. Kueleza mwajiri kwa nini hakufika kazini. Mke asimpigie mwajiri kusema ana malaria na yeye amelewa.

Na jambo moja lisilo mzigo wala furushi: kupigwa. Dada, kama kuna ngumi au panga nyumbani, kuvumilia si imani. Toka na watoto, uje kwa mchungaji au kwa mama yeyote wa ushirika, hata kama ni saa nane usiku. Kumsamehe mtu hakukulazimishi kulala nyumba moja naye.

5. Tuombe, na twende hospitali

Hapa naomba tusikilizane sana, kwa sababu ni suala la uhai. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu, akikatiza ghafla anaweza kufa. Siku tatu nne za kwanza mikono hutetemeka, jasho humtoka, anaweza kupata kifafa, kuona vitu visivyokuwepo na kuchanganyikiwa. Mwingine akiona hivyo atasema ni pepo, amfungie chumbani kwa mfungo wa siku tatu. Tafadhali, msifanye hivyo. Ombeni mkiwa njiani. Mpelekeni kituo cha afya, na ikibidi Masalani au hospitali ya rufaa ya kaunti kule Garissa. Daktari ana dawa za kumvusha salama.

Kwa miraa hali ni tofauti. Anayeiacha kwa kawaida huwa mchovu, mwenye hasira, analala sana, ananuna, anaota ndoto mbaya. Mara nyingi hilo hupita kwa chakula, maji, usingizi na watu wenye subira. Lakini akianza kusikia sauti au kusema anataka kufa, naye ni wa hospitali.

Na aliyeacha unga, arosto ikipita, hatari haijaisha. Mwili wake umesahau kile kipimo cha zamani. Akirudia kipimo kile kile, kinaweza kumuua siku hiyo hiyo. Ndiyo maana serikali ilileta methadoni, dawa ya kunywa kila siku kliniki mbele ya mhudumu: Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi mwaka 2015. Mwana wa mtu akiwa kwenye dawa hiyo, tusimwambie kwamba hajaokoka. Hatumwambii hivyo mwenye kisukari.

Ukiwa hujui pa kuanzia, piga 1192, simu ya bure ya NACADA.

6. Nyumba isikae tupu

Katika Luka 11:24–26 Yesu anaeleza habari ya pepo aliyetoka, akarudi akakuta nyumba imefagiliwa na kupambwa. Mathayo anaongeza kwamba ilikuwa tupu. Akaingia na wengine saba. Tunapenda sana usiku wa kufunguliwa, na mimi ninauamini. Lakini baada ya usiku ule kuna Jumatatu, kuna saa kumi jioni, kuna rafiki anayepita na kifurushi cha jaba. Nyumba imefagiliwa, haya. Imejazwa nini?

Wapentekoste wenzetu waliligundua hilo zamani. David Wilkerson, mhubiri wa Assemblies of God, alikwenda New York mwaka 1958 kuwatafuta vijana wa magenge, na kutoka hapo ikazaliwa Teen Challenge. Huyo alikuwa mtu wa madhabahu kweli kweli, lakini nyumba za Teen Challenge huwakalisha watu karibu mwaka mzima au zaidi, wakiomba, wakifanya kazi, wakijifunza kuishi. Kule Zanzibar, kwenye soba hausi, walioacha unga ndio wanaowaongoza wanaoacha, na swala ni sehemu ya siku. Dini tofauti, lakini jambo wameligundua lile lile: mtu hakai bila kulewa akiwa peke yake.

Na familia pia hujazwa. Chama cha walevi wanaoacha, Alcoholics Anonymous, kilianza Marekani mwaka 1935. Wake walikuwa wanawasubiri waume zao mikutanoni, wakagundua kwamba nao wameumia na wanahitaji kuongea. Mwaka 1951 wakawa na chama chao, Al-Anon. Jamani, kama wao waliona, sisi wenye Roho tusione? Huwa tunamshangilia kijana aliyetoa ushuhuda, na mamake amekaa benchi la nyuma, hakuna aliyemuuliza, "Mama, wewe je, unaendeleaje?"

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Soma Wagalatia 6:1–5 polepole. Kwa nini Paulo anatuonya tujiangalie wenyewe tunapomrejeza mwingine?
2. Bila kutaja jina la mtu, toeni mfano wa msaada uliokuwa kubeba furushi la mwenzake. Mngefanya nini badala yake?
3. Ni saa gani ya siku iliyo ngumu zaidi kwa anayeacha miraa hapa kwetu? Kikundi chenu kinaweza kufanya nini saa hiyo, mara mbili kwa wiki, kwa miezi sita? Andikeni majina na siku.
4. Nani atakayemtembelea mama au mke, kwa ajili yake yeye mwenyewe?

Maombi

Bwana, tupe mabega ya kubeba uzito wa wenzetu, na hekima ya kuacha furushi mikononi mwa mwenyewe. Ulinde uhai wa wanaoacha wiki hii. Wape watoto wao chakula na usingizi. Na anayeanguka, atukute tungali pale, na sindano na uzi wa nyavu mkononi. Katika jina la Yesu, amina.